Mjenzi, Kiongozi na Mali ya Wote

Kijiji cha Engaresero kimo katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, kwenye upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Natron, chini ya mlima wa moto wa Ol Doinyo Lengai. Jina lake linaanza na neno la Kimaasai lenye maana ya maji. Neno hilo hilo ndilo lililozaa jina la mji mkuu wa Kenya, kwa kuwa Wamaasai walipaita mahali pale Enkare Nairobi, yaani penye maji baridi. Katika nyanda za juu za Ngorongoro, si mbali na Engaresero, pako pia mahali paitwapo Nayobi. Lugha ni moja, na watu waliotoa majina hayo ni wa asili moja.

Mwaka 1895 mtu aliyepita Engaresero na kisha akapita penye maji baridi ya Nairobi asingeona tofauti kubwa. Mahali pote pawili palikuwa na mto, malisho na maboma ya wafugaji. Miaka michache baadaye mahali pamoja palipata reli, maduka, ofisi na soko, na pengine pakabaki kijiji. Kwa hiyo yeyote anayejenga leo katika kijiji kinachoanza kuwa mji mdogo, na yeyote anayesimamia ujenzi huo kwa niaba ya wananchi, ana haja ya kuuliza jinsi Nairobi ilivyojengwa, nani aliijenga, nani alifaidika, na nani hakuulizwa. Maisha ya mtu mmoja yanatosha kuyafungua maswali hayo yote. Mtu huyo ni Alibhai Mulla Jeevanjee.

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika jamaa ya Mabohora. Hakupata elimu kubwa ya darasani. Alianza maisha kwa biashara ndogo ndogo, na mwaka 1886 alisafiri hadi Adelaide katika nchi ya Australia kutafuta riziki. Mwaka 1890 alifika Mombasa. Wakati huo pwani ya Kenya na bara yake vilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kutawala kabla ya Serikali ya Uingereza kuchukua madaraka yenyewe. Kampuni hiyo ilihitaji watu wa kazi, naye Jeevanjee akapata kandarasi ya kuwaleta kutoka Bara Hindi. Hapo ndipo biashara yake ilipopata mzizi.

Yafaa jambo hili litazamwe kwa makini, kwa maana ndiyo siri ya ukandarasi tangu zamani hadi leo. Mkandarasi hauzi nyumba kama mwenye duka anavyouza kanga. Anauza ahadi. Anaahidi kwamba siku fulani, kwa bei fulani, kazi fulani itakuwa imekwisha. Ili kuitimiza ahadi hiyo anahitaji vitu vitatu: watu wa kufanya kazi, vifaa vya kufanyia kazi, na fedha za kuwalisha watu kabla malipo hayajatoka. Asiye na vitu hivyo vitatu hana kampuni, hata kama ana mhuri na ofisi. Jeevanjee alivipata vyote vitatu mapema, na ndiyo sababu Serikali ilipoanza kujenga reli ya Uganda ilimkuta tayari.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Jeevanjee alipewa kandarasi za kuandikisha wafanyakazi katika Bara Hindi, kuwapatia chakula, kupasua miamba, kuchimba na kujaza udongo, na kujenga majengo ya njiani. Reli ilifika Nairobi mwezi Mei, 1899, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika ukingo wa Ziwa Viktoria, mahali ambapo sasa ni Kisumu. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 900. Kwa hesabu ya uhandisi ilikuwa kazi kubwa, na hapana awezaye kuikana.

Lakini hesabu ya uhandisi si hesabu pekee. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba ya miaka michache. Karibu 2,500 kati yao walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Malaria, kuhara, ajali za mawe na baruti, na huko Tsavo simba, vyote vilichukua sehemu yake. Waliobaki Afrika Mashariki baada ya kazi kwisha walikuwa wachache kuliko wengi wanavyodhani, yapata 6,700. Majina ya wengi waliokufa hayakuandikwa kwenye jengo lolote. Mjenzi alipata utajiri, Serikali ilipata reli, na kibarua alipata ujira wake mdogo, ikiwa aliishi hata akaupokea. Atakayeeleza maisha ya Jeevanjee akaruka aya hii, ameeleza nusu ya habari.

Kambi ya reli pale Nairobi iligeuka mji kwa haraka. Makao ya jimbo yalihamishiwa hapo kutoka Machakos, na kuanzia mwaka 1905 makao ya Serikali nzima ya nchi yakaanza kuhama kutoka Mombasa. Jeevanjee alijenga ofisi za Serikali na nyumba za maofisa, na akajenga soko lililobeba jina lake. Katika miaka ile ya mwanzo sehemu kubwa ya viwanja na majengo ya mji ule mdogo ilikuwa mali yake, au ilikuwa imepita mikononi mwake. Mji ulikuwa wa mabati na mbao, wenye matope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Mwaka 1902 tauni ilipoingia, wakuu waliamuru mtaa wa maduka ya Wahindi uteketezwe kwa moto. Tukio hilo liliwafunza watu wa mji ule kwamba nyumba zilizobanana bila mifereji, bila vyoo na bila nafasi ya hewa ni kaburi lililofunguliwa.

Mji ulipokua, mjenzi naye alikua kwa sifa na kwa madai. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianzisha gazeti huko Mombasa, likiitwa African Standard. Mwaka 1905 aliliuza kwa Wazungu, nao wakalihamishia Nairobi mwaka 1910, na gazeti hilo lingalipo hadi leo kwa jina la The Standard. Mwaka 1909 aliteuliwa kuwa mjumbe wa kwanza wa asili ya Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mtu aliyekuja na mzigo wa biashara ndogo akawa ameketi meza moja na wenye mashamba makubwa wa Kizungu.

Kuketi meza moja hakukumaanisha kuhesabiwa sawa. Wahindi walizuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu, na mwaka 1908 Serikali ya Uingereza iliithibitisha desturi hiyo. Mijini walitengewa mitaa yao. Walilipa kodi lakini hawakupewa kura. Jeevanjee hakunyamaza. Mwaka 1910 alikwenda London akaeleza magazetini jinsi watu wake walivyokuwa wakibaguliwa. Mwaka 1912 malalamiko hayo yalichapishwa kwa jina lake katika kijitabu. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, ambacho kwa miaka mingi kilipigania kura na haki sawa kwa watu wa jamii hiyo. Kwa mkandarasi ambaye mteja wake mkubwa alikuwa Serikali ile ile, haukuwa ujasiri mdogo. Wapo wakandarasi wengi ambao mdomo wao hufungwa na kandarasi inayofuata.

Hapa ndipo msomaji mwaminifu anapopaswa kusimama. Katika mazungumzo yale ya London ya mwaka 1910 Jeevanjee alitoa shauri kwamba nchi hii ya Afrika Mashariki iunganishwe na Himaya ya Bara Hindi, ili iwe kama Bara Hindi ya pili. Alipigana dhidi ya ubaguzi kwa kutumia hoja za haki, na hapo hapo akasahau kwamba nchi aliyotaka igawiwe ilikuwa na wenyewe. Mzungu alisema nchi ni yake kwa sababu ameitawala. Jeevanjee alisema Wahindi wana haki nayo kwa sababu wameijenga. Hapana aliyemuuliza Mkikuyu aliyekuwa akilima kwenye miteremko, wala Mmaasai aliyekuwa akinywesha ng'ombe kwenye maji baridi.

Na wakati mabishano hayo yakiendelea, Wamaasai walikuwa wakihamishwa. Kwa mkataba wa mwaka 1904 waliondolewa katika Bonde la Ufa, karibu na njia ya reli, wakagawanywa, baadhi wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba hawatasumbuliwa tena. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine, nao wa Laikipia wakahamishwa kwenda kusini. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola na dola, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuiingilia. Ng'ombe na watu wengi walikufa njiani. Jeevanjee hakuiandika mikataba ile, na si haki kumbebesha lawama yake. Lakini reli, stesheni na mji alivyovijenga ndivyo vilivyoifanya ardhi ile itamaniwe. Ujenzi huipandisha ardhi bei, na ardhi ikipanda bei, mnyonge aliyeikalia huanza kuonekana kama kizuizi. Jambo hilo lilikuwa kweli mwaka 1904 na ni kweli katika kila mji mdogo unaochipuka.

Ugomvi wa Wazungu na Wahindi wa Kenya uliendelea hadi mwaka 1923. Mwaka huo Serikali ya Uingereza ilitoa tamko kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na kwamba masilahi ya Waafrika yatatangulia pale yatakapogongana na ya wageni. Tamko hilo halikutekelezwa kwa dhati kwa miaka mingi. Lakini lilitoa jibu ambalo pande zote mbili za ugomvi hazikulitarajia: wawili waligombania nyumba, na hakimu akatamka kwamba nyumba ina mwenyewe.

Miaka ya mwisho ya Jeevanjee haikuwa ya fahari kama ile ya kwanza. Biashara yake ilitikiswa na nyakati ngumu zilizofuata Vita Kuu ya Kwanza na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929. Alifariki dunia mwaka 1936, mali yake ikiwa imepungua sana. Majengo yake mengi ya mwanzo yamebomolewa au yamemezwa na mengine marefu zaidi. Ukandarasi una desturi hiyo: kazi ya leo hufunikwa na kazi ya kesho.

Kipo kitu kimoja kilichobaki. Mwaka 1906 Jeevanjee alitoa kiwanja chake cha yapata ekari tano katikati ya mji, akakifanya bustani, akawapa watu wa Nairobi. Aliweka humo sanamu ya Malkia Viktoria, na kwa hakika palikuwa na hesabu ya kujipendekeza kwa wakubwa katika tendo hilo. Hata hivyo sanamu ilikuwa ya malkia, na ardhi ikawa ya umma. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wasio na ofisi wala hoteli wamekaa chini ya miti ya bustani hiyo, wakapumzika, wakahubiri, wakabishana juu ya siasa, wakala chakula chao cha mchana.

Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuijenga bustani hiyo, na kuweka humo jengo la kuegeshea magari. Fedha ilikuwa tayari kuzungumza. Lakini binti na mjukuu wa Jeevanjee walisimama pamoja na wananchi wa Nairobi wakaupinga, na mpango ukaachwa. Miaka miwili kabla yake, Wangari Maathai alikuwa amepinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru ya mji huo huo, nao pia ukashindikana. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, baadaye aliandika kitabu juu ya maisha ya babu yake. Ni jambo la kuzingatia kwamba kati ya yote aliyoyajenga mtu yule, kilichotetewa na watu wasiomjua ni kiwanja alichoacha bila kukijenga.

Ndugu Walimu na Watumishi wa Umma,

Mtu anaweza kuuliza, habari ya tajiri wa Nairobi wa zamani ina faida gani kwa mwalimu wa Engaresero, au kwa ofisa mtendaji wa kata iliyo mbali na lami. Faida ipo, nayo inahusu swali moja ambalo Tanzania imelijibu kwa namna mbalimbali katika historia yake: je, mtu mmoja aweza kuwa mkandarasi na kiongozi kwa wakati mmoja?

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilijibu kwamba haiwezekani. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na nyumba ya kupangisha, au kupokea mishahara miwili. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: anayegawa keki asiwe na njaa ya kipande fulani. Mwaka 1991, kwa maamuzi yaliyofikiwa Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Mwaka 1995 ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo haimzuii kiongozi kuwa na mali, bali inamtaka aitangaze mali hiyo na kuepuka mgongano wa masilahi. Kwa hiyo leo mtu anaweza kuwa mwenye kampuni ya ujenzi katika mji mdogo, na pia akawa mjumbe wa baraza, mzee wa msikiti au wa kanisa, na mfadhili wa timu ya mpira. Watu wa namna hiyo wapo katika karibu kila mji mdogo, na wengi wao wana manufaa makubwa kwa jamii. Wanatoa ajira kwa vijana, wanafundisha mafundi, wanatengeneza daraja lililobomoka kabla Serikali haijafika.

Lakini hatari ipo, nayo Jeevanjee anaionyesha kwa uwazi. Alikuwa mkandarasi wa Serikali, mwenye gazeti, mwenye viwanja na mjumbe wa baraza. Katika mji kama huo, raia mwenye malalamiko juu ya jengo lililopasuka atakwenda wapi? Gazetini? Gazeti ni la mjenzi. Barazani? Mjenzi ameketi humo. Kwa mwenye nyumba? Mwenye nyumba ni yeye. Si lazima mtu awe mwovu ili hali hiyo iwe mbaya. Inatosha kwamba kila mlango umefunguka kwenye chumba kile kile.

Dawa yake si kumchukia mjenzi. Dawa ni kuweka milango mingine, na milango hiyo sheria za nchi zimeiweka. Makandarasi husajiliwa na Bodi iliyoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1997, kwa madaraja, na wa daraja la chini hawaruhusiwi kubeba kazi iliyozidi uwezo wao. Sheria za ununuzi wa umma zinataka zabuni zitangazwe, na zinatenga sehemu ya ununuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka ugawaji wa ardhi ya kijiji upate idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Maana yake ni kwamba swali ambalo hakuulizwa Mmaasai wa Nairobi mwaka 1904, kwa sheria ya leo mwananchi wa Engaresero hana budi kuulizwa.

Sheria iliyo kabatini haijengi wala haizuii. Wanaoitoa kabatini ni walimu na watumishi wa umma. Shule nyingi siku hizi hujengwa kwa mafundi wa mahali pale, chini ya kamati za ujenzi na za manunuzi, na mwalimu mkuu ndiye anayepokea saruji, nondo, mabati na mbao. Hakufundishwa uhandisi chuoni, lakini anajua kuhesabu. Anaweza kuhesabu mifuko ya saruji iliyoingia stoo na mifuko iliyotoka. Anaweza kuuliza ni ndoo ngapi za mchanga na kokoto zinaingia kwa kila mfuko mmoja. Anaweza kuona kama zege la jana limemwagiwa maji leo, kwa sababu katika joto la Bonde la Ufa zege lisilomwagiwa kwa muda wa siku saba hivi hukauka kabla ya kukomaa, likapasuka. Anaweza kukataa maji ya Ziwa Natron yasitumike kuchanganyia, kwa kuwa ni ya magadi na chumvi na hula nondo ndani ya ukuta, na kuagiza yachotwe ya mto ushukao kutoka kwenye genge. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la mwalimu ni mkaguzi wa kwanza wa jengo la umma, na mara nyingi ndiye mkaguzi pekee anayelala karibu nalo.

Yapasa pia kukumbuka kwamba Engaresero haikungoja mgeni aifundishe kujenga. Nyumba ya Kimaasai hujengwa na wanawake, kwa fito, udongo na samadi, na kila sehemu yake ina sababu yake. Kusini ya kijiji, huko Engaruka, yako mabaki ya mifereji na matuta ya mawe yaliyotumika yapata kati ya karne ya 15 na ya 18, yakienea katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 20. Katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, Wabatemi wamejenga na kulinda mifereji yao kwa vizazi vingi, na zamu za maji zikasimamiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji. Hapo palikuwa na ujenzi na uongozi pamoja. Lakini mfereji haukuwa mali ya mzee mmoja, na mzee aliyegawa maji aligawa mbele ya macho ya watu ambao mashamba yao yalingoja maji hayo hayo.

Kijiji hicho kina pia urithi wa namna nyingine. Mwaka 2006 mwananchi wa hapo aliona nyayo za watu zilizogandamana katika tope la majivu ya volkano lililogeuka jiwe. Wataalamu waliofuata wamehesabu nyayo zaidi ya 400, na wanakadiria kwamba umri wake ni kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Kundi moja lililotembea pamoja lilikuwa hasa la wanawake. Ziwa lenyewe ndilo mahali ambapo korongo wadogo wa rangi ya waridi, yaani heroe, wa Afrika Mashariki huzaana kwa wingi kuliko popote. Uliwahi kuwapo mpango wa kiwanda cha magadi katika ziwa hilo, ukajadiliwa na kupingwa, na mwaka 2008 kampuni ya kigeni iliyokusudia kukijenga ikajitoa.

Mahali penye nyayo za kale, mlima unaotoa moto, ziwa na wageni wanaokuja kuvitazama, watakuja wajenzi. Watajenga kambi, hoteli, maduka, nyumba za kupanga. Baadhi yao watakuwa watoto wa hapo hapo, na huenda mmoja wao akaanzisha kampuni, akaajiri wenziwe, akaheshimiwa, na akachaguliwa kuwa kiongozi. Hiyo itakuwa habari njema. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka ina zaidi ya kilomita 100, na mjenzi aliye karibu ni bora kuliko aliye mbali, kwa kuwa ukuta wake ukianguka atakutana na wenye ukuta huo mnadani.

Basi ni wajibu wa watumishi wa umma katika mahali kama hapo kufanya mambo matatu mapema, kabla ardhi haijapanda bei. La kwanza, kupima na kuandika maeneo ya wote: njia za mifugo, chanzo cha maji, kiwanja cha shule chenye nafasi ya madarasa yatakayojengwa baada ya miaka 30, uwanja wa mnada na wa michezo. Eneo lisiloandikwa hugawiwa kimya kimya. La pili, kuhakikisha kwamba mkutano mkuu wa kijiji unaitwa kwa kweli, kwa lugha inayoeleweka na wazee na wanawake, na kwamba mihtasari yake inasomwa tena mbele yao. La tatu, kumtaka mjenzi ambaye pia ni kiongozi atoke nje ya kikao pale kandarasi inapojadiliwa, hata kama ni mtu mwema, na hasa kama ni mtu mwema, ili wema wake usije ukatiliwa shaka.

Nairobi haikuwa na watumishi wa namna hiyo mwaka 1899. Ilikuwa na wahandisi, wakandarasi na askari. Wananchi wake walilazimika kungoja miaka 92 kabla ya kusimama na kulinda ekari tano. Engaresero ina mkutano wake wa kijiji, ina sheria, ina shule na ina walimu. Kazi ya kulinda mali ya wote inaweza kuanza pale wakati ardhi ingali wazi, na kalamu ya kuiandika imo mkononi mwa wasomaji wa ukurasa huu.